Meza ya watu wasiotupa karata, blindi 500/1.000: mnaongeza kiasi gani na mnasimama wapi?

Karata52_Katuba

Jambo wote. Swali ni la poka ya Texas isiyo na kikomo, meza ya nyumbani hapa Lubumbashi, wachezaji 7, siku nyingine 8. Blindi, yaani pesa ambazo watu wawili wanalazimika kuweka kabla ya kuona karata, ni 500 na 1.000 FC (faranga za Kongo). Kila mtu anaingia na 100.000 FC, yaani blindi kubwa 100. Mwenye nyumba anakata asilimia 10 ya kila poti (pesa zote za katikati) iliyofika kwenye flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani.

Watu wenyewe ni wapole. Wanne au watano wanalipa 1.000 yao ili waone flopu, hata na karata za takataka. Ukiongeza hadi 3.000, wote wanafuata. Wao hawaongezi karibu kamwe. Baada ya flopu wanapita, ukiweka wanafuata, mpaka karata ya tano, halafu mtu anafunua pea ya saba na 4 pembeni yake. Blafu, yaani kuweka pesa bila karata ili watu watupe, haipiti. Pea ya asi inavunjwa na mbili-pea za ajabu.

Nauliza hivi: kabla ya flopu niongeze kiasi gani, au na mimi nilipe 1.000 tu kama wao? Nikishika pea ya juu, niweke mara ngapi na kiasi gani? Na mtu mpole akiniongezea ghafla kwenye karata ya nne, ni nini hicho?

Yaya_Kamalondo

Karata52, kwanza toa kichwani hiyo habari ya asi kuvunjwa, kwa sababu ndiyo inayokupotosha. Pea ya asi dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote inashinda karibu mara 85 kwa 100. Dhidi ya wawili, 73. Dhidi ya watatu, 64. Dhidi ya wanne, 56. Dhidi ya watano, 49. Sasa angalia pesa: mkiwa watano na kila mtu ameweka sawa, wewe umeweka asilimia 20 ya poti na unaichukua mara 56 kwa 100. Hiyo ni biashara nzuri sana, ila mara 44 utaona jetoni (vipande vinavyosimama badala ya pesa) zinakwenda upande mwingine. Kupoteza hapo si kosa. Kosa ni kuongeza hadi 3.000 na kuwafungulia mlango watu watano kwa bei ya sigara.

Kwa hiyo bei. Kwenye meza ya namna hiyo anzia blindi kubwa 4, kisha ongeza blindi 1 kwa kila aliyekwisha kulipa mbele yako. Watatu wamelipa 1.000? Weka 7.000. Wakifuata bado wanne, mkono ujao weka 9.000, halafu 10.000. Unatafuta bei ambayo mmoja au wawili wanafuata na wengine wanatupa. Bei hiyo haiko kwenye kitabu. Kila meza ina ya kwake, na hata meza moja inabadilika: saa mbili ya jioni si saa saba ya usiku wakati chupa za bia ya Simba zimejaa chini ya meza.

Karata za kuongezea: pea kuanzia 10-10 kwenda juu, AK (yaani asi na K), AQ, AJ, KQ, na A10 ikiwa rangi moja (mfano zote kopa). Ukiwa wa mwisho kusema unaweza kushuka kidogo, tuseme 9-9, KJ, QJ ya rangi moja. Sababu ni kwamba mpole anafuata na A5, K8, Q6. Karata ya juu ikianguka kwenye flopu, nyote wawili mna pea ileile, ila ya pembeni ni yako. Pesa nyingi ya meza hii inatoka pale pale, kwenye karata ya pembeni. Ndiyo maana K9 na A6 za rangi tofauti, ambazo watu wanazipenda sana, ni za kutupa: ukicheza nazo wewe ndiye unayekuwa mwenye pembeni mbovu.

Sasa baada ya flopu. Nakupa mkono mmoja na hesabu yake, uone kwa nini kiasi kina maana kuliko ujanja.

Watatu wamelipa 1.000. Wewe ni wa mwisho, una A na Q. Unaweka 7.000, wawili wanafuata, blindi zinatupa. Poti ni 23.500: 21.000 zenu, 1.000 ya yule aliyeacha, 1.500 za blindi. Mbele yako zimebaki 93.000. Flopu: A, 9, 4, mbili zikiwa kopa (kere, kama tunavyosema huku). Wanapita. Weka 16.000. Mmoja anafuata, poti inakuwa 55.500. Karata ya nne ni 6 ya pau, haibadilishi kitu. Weka 35.000. Anafuata, poti 125.500, na wewe una 42.000. Karata ya tano ni 2 ya uru. Weka tapi, zote 42.000. Kwake hiyo ni theluthi ya poti tu, na mtu mwenye A7 hatatupa.

Mtu mwingine, na karata zilezile, anaweka 8.000, halafu 15.000, halafu 25.000. Jumla 48.000 badala ya 93.000. Karata zilezile, mpinzani yuleyule, na 45.000 FC zimebaki kwake kwa sababu ya woga tu. Mpole hasomi kiasi. Anasoma karata zake. Kama ana pea atafuata 8.000, na atafuata 16.000.

Na yule anayesubiri rangi, yaani kopa tano? Ana karata 9 za kumwokoa kati ya 46 asizoziona, kama asilimia 20 kwa karata moja. Ukiweka 35.000 kwenye poti ya 55.500, analipa 35.000 kwa poti itakayokuwa 125.500. Anahitaji kushinda mara 28 kwa 100 ili asipoteze, naye ana 20. Kila anapofuata amekupa pesa, hata siku kopa inapoanguka. Ukiweka 8.000 tu, anahitaji 11, na hapo yeye ndiye mwenye akili, si wewe.

Kuhusu blafu, hesabu fupi. Blafu ya nusu ya poti lazima ipite mara 1 kwa 3 ili urudishe pesa yako. Ya poti nzima, mara 1 kwa 2. Mtu unayemweleza anatupa labda mara 1 kwa 5. Poti 20.000, unaweka 10.000 bila kitu: mara moja unapata 20.000, mara nne unapoteza 10.000. Kwa majaribio matano umebaki chini kwa 20.000. Acha kabisa.

Hesabu_BelAir

Nakubaliana na Yaya karibu kote, ila kuna sehemu mbili.

Ya kwanza: "na mimi nilipe 1.000 tu" si jibu baya kwa karata zote. Pea ndogo, 2-2 mpaka 7-7, na asi yenye karata ndogo ya rangi moja, kama A5 ya shupaza, ni karata za kulipa bei ya chini nyuma ya watu wanne. Pea ndogo inapata ya tatu yake kwenye flopu kama mara 12 kwa 100, mara moja katika 8 na nusu. Ukilipa 1.000 na watu wana 100.000 mbele yao, nafasi ya kulipwa ni kubwa mno. Ila mtu akiwa ameongeza, hesabu jetoni za mwenye chache kati yenu: ziwe walau mara 12 ya unacholipa, maana si kila ukipata tatu utalipwa, na mara chache hata tatu zinashindwa. Kulipa 7.000 kumfuata mtu aliyebakiwa na 40.000 ukitafuta ya tatu ni hasara ya polepole. Unaweza kuifanya mwaka mzima bila kuiona.

Karata kama J8 au 10-7 za rangi tofauti, "kwa sababu bei ni ndogo": hapana. Zinapata pea ya kati, na pea ya kati mbele ya watu watano ni karata ya kulipia wengine.

Ya pili: tapi ya 42.000 kwenye ile karata ya mwisho. Ni sawa kama kopa haikuanguka. Kama ya tano ni kopa, usiweke kwa mazoea. Pita. Naye mpole akiweka mwenyewe, baada ya kukufuata mara mbili kimya kimya, amepata rangi yake. Tupa AQ bila kusikitika. Mpole haweki pesa ili kukutisha. Anaweka kwa sababu amefurahi.

Njo_Vile_Kenya

Njo vile! Mpole akiamka ujue ameshika. Hiyo moja tu ingeokoa watu wengi pesa ya unga wa bukari.

Karata52_Katuba

Aksanti Yaya, aksanti Hesabu. Sasa iko wazi kwa nini bei. Lakini bado: si wote wanafuata mpaka mwisho. Wawili pale mezani wanatupa mara nyingi kwenye flopu, wanangoja tu. Hao nao nicheze nao hivyo hivyo? Na jibu la kuongezewa kwenye karata ya nne bado.

Mama_Jetoni

Karata52, hapo ndipo maelezo ya wengi yanaharibika, kwa sababu wanaita "dhaifu" watu wa aina mbili ambao dawa yao ni kinyume.

Wa kwanza ni mfuataji. Hawezi kutupa pea. Huyo usimfanyie blafu hata moja, muwekee kikubwa ukiwa nacho, kama walivyokueleza. Wa pili ni mngojaji. Anatupa, anatupa, anatupa, halafu mara moja kwa saa anaweka. Huyo humpati pesa kubwa kabisa. Ukimuona anakulipa 35.000 ujue anakushinda. Pesa yake inachukuliwa kidogo kidogo, kwenye blindi na kwenye flopu ambazo amekosa. Karata mbili zisizo pea zinakosa kupata chochote kwenye flopu kama mara 2 kwa 3. Basi akiwa peke yake dhidi yako, weka theluthi ya poti tu: hiyo inahitaji kupita mara 1 kwa 4, naye anatupa zaidi ya hapo. Akifuata, umekwisha. Usiweke tena kwenye karata ya nne ati "aliogopa kidogo". Hakuogopa.

Wakati wa kumchukulia blindi usiweke 7.000. Kama wote wametupa mpaka kwako na wangojaji wawili wako kwenye blindi, 2.500 au 3.000 inatosha. Kosa la kawaida ni kutumia silaha moja kwa wote: mtu anamuwekea mngojaji kikubwa akiwa na pea ya juu, wote wabovu wanakimbia, anabaki na yule mmoja mwenye tatu sawa. Halafu mkono unaofuata anamfanyia mfuataji blafu ya theluthi. Amekosea mara mbili kwa mikono miwili.

Utawatofautishaje? Usisikilize wanavyosema, maana mfuataji naye atakuambia yeye anacheza kwa subira. Tazama karata zinazofunuliwa mwisho. Mtu aliyelipa mara tatu na akafunua pea ya kati au pea ya chini, ni mfuataji, imekwisha. Mtu ambaye kila akifunua ana mbili-pea au zaidi, ni mngojaji. Kisha hesabu kwa mikono 30 ya kwanza: ni mara ngapi ameweka pesa kwa hiari yake, blindi usizihesabu. Mara 15 kwa 30 ni mfuataji. Mara 4 kwa 30 ni mngojaji. Mikono 30 kwenye meza ya nyumbani ni kama saa moja au saa na robo, kwa hiyo ukitulia saa ya kwanza utakuwa na ramani ya meza nzima kabla ya hata kupigwa poti kubwa.

Sasa kuongezewa kwenye karata ya nne. Hili halina tofauti kati ya hao wawili. Umeweka kwenye flopu, amefuata. Umeweka kwenye karata ya nne, anaongeza. Kwa mtu ambaye haongezi, hiyo ni mbili-pea au zaidi, mara nyingi tatu sawa aliyoificha tangu flopu. AQ kwenye A-9-4-6 inatupwa. AK inatupwa. Hata pea iliyo juu ya karata zote za mezani, K-K kwenye 9-7-3-2, inatupwa. Najua inauma kwa sababu ulishaweka 58.000 humo, lakini hizo si zako tena, ni za poti. Swali ni kama zile 42.000 zilizobaki ziende au zibaki.

Hata akiongeza kidogo, mara mbili tu ya ulichoweka, usijidanganye kuwa ni udhaifu. Kwa wapole, kuongeza kidogo kwenye karata ya mwisho ni dalili mbaya kuliko tapi. Anaogopa utakimbia.

Ya kuangalia kabla ya kutupa ni mawili tu. Amebakiwa na jetoni chache? Mtu mwenye 12.000 zilizobaki anaweka zote na asi yoyote, mfuate. Anajiandaa kwenda nyumbani, amekwisha kupiga simu ya teksi, anacheka ovyo? Huyo naye anaweka na karata za kila aina. Mbali na hao, tupa.

Hesabu_BelAir

Niongeze juu ya Mama, kwa sababu kuna kosa linaloambatana na hilo: kupita ukiwa na mkono mkubwa ili mpole aweke, nawe umwongezee. Kwa meza yenu ni kupoteza pesa. Mpole anapita nyuma yako. Karata moja imekwenda bure, na anayesubiri rangi ameiona bila kulipa. Una tatu sawa na unasema wa kwanza? Weka mwenyewe, pale pale kwenye flopu, theluthi mbili ya poti mpaka poti nzima. Hata wakiwa watatu nyuma yako.

Na jambo la pili linaloachwa sana: kuweka kidogo kwenye karata ya tano na pea ambayo si nzuri sana. Mfano una K10 kwenye K-8-5-5-2, wewe ni wa mwisho, poti 40.000, mfuataji amepita. Wengi wanapita na kufunua. Weka 15.000. Atakufuata na 8 yoyote, na K ndogo, na pea ya 7-7. Tuseme akikufuata mara 10, mara 7 unashinda na mara 3 ana KQ, KJ au 5 iliyofichwa. Saba toa tatu ni nne: 60.000 za faida kwa mara 10, 6.000 kila anapofuata. Ukipita, hizo 60.000 hazipo. Na akikuongezea unatupa bila kufikiri, kwa sababu Mama ameshaeleza. Ndio uzuri wa mtu asiyefanya blafu: kuongezewa hakukuachi na mashaka, umepoteza 15.000 tu.

Kanuni ni nusu: kama akifuata unashinda zaidi ya mara 1 kwa 2, weka. Dhidi ya mtu mkali kanuni hiyo inakuwa ngumu zaidi maana anaweza kukuongezea kwa blafu. Hapa haiwi.

Halafu flopu yenye watu wanne na wewe umekosa. AK kwenye 8-7-5, wafuataji watatu. Umeongeza kabla ya flopu, wote wanakutazama, mkono unawasha. Pita. Hakuna aibu. Dhidi ya watatu, mmoja wao amepata kitu mara nyingi, na yeye ndiye hasa mtu asiyetupa.

Yaya_Kamalondo

Hayo ya Hesabu na Mama yote ni sawa. Nirudi kwenye asilimia 10, kwa sababu Karata52 ameitaja mara moja na kupita, wakati ndiyo mchezaji wa nane mezani, na huyo hapotezi.

Asilimia 10 bila kikomo ni nyingi. Ile poti ya 125.500 pamoja na tapi mbili inafika 209.500, nyumba inachukua karibu 21.000. Omba kikomo, kwa mfano 5.000 kwa poti, au omba malipo ya saa: kila mtu alipe kiasi fulani kwa saa na poti zisiguswe. Mwenye nyumba wengi wanakubali, kwa sababu bia na mishikaki anauza vilevile. Kama hakubali, badilisha mchezo: poti ndogo za kulipa 1.000 hazifai tena. Poti ya 5.000 inakatwa 500, nusu ya blindi yako, na wewe bado hujapata kitu. Ila kumbuka umesema anakata poti iliyofika kwenye flopu. Basi ukiongeza na wote wakitupa, unachukua 4.500 nzima. Hiyo ni sababu nyingine ya 7.000 badala ya 3.000.

Kiti nacho. Zamu inakwenda kwa mkono wa saa, kwa hiyo kaa kushoto kwa mfuataji mwenye jetoni nyingi. Anasema kabla yako, unajua amelipa au hajalipa kabla ya kuchagua bei yako. Wangojaji waache wakae kushoto kwako, hawakusumbui, na blindi zao ziko karibu. Kiti kizuri kikiachwa wazi, hama, usione haya.

Na akiba. Hata ukicheza vizuri dhidi ya hao, usiku wa hasara utakuja, na utakuja mara tatu kufuatana. Weka pembeni viingilio 20 mpaka 30, yaani 2.000.000 mpaka 3.000.000 FC ambazo si za kodi wala minerval (ada ya shule) ya watoto. Kama huna, ingia na 40.000 badala ya 100.000 na ucheze karata chache zaidi: pea kubwa, AK, AQ, na mara nyingi pesa zako zote zinakwisha kuingia kwenye flopu. Pea ndogo za Hesabu zinatoka kwenye orodha, hazilipwi vya kutosha tena.

Jambo moja lisilo la hesabu: mtu akikuvunjia asi na 7-4, mwambie "vizuri" na upokee karata zinazofuata. Usimfundishe. Kuna watu wanakaa mezani na kumweleza mfuataji kwa nini alikosea, tena kwa sauti. Ama ataona haya na kuondoka na jetoni zake, ama atajifunza.

Njo_Vile_Kenya

Na usiku wa mechi ya Mazembe wafikie mapema, wamefurahi wote 😄

Karata52_Katuba

Swali la mwisho, halafu nawaacha. Nimeongeza 7.000 na K-K. Mngojaji, yule ambaye haongezi hata akiwa na Q-Q, anaongeza hadi 25.000 kabla ya flopu. Ni kweli naweza kutupa K-K?

Mama_Jetoni

Hesabu mchanganyiko, usihesabu hofu. Ukiwa na K mbili mkononi, asi mbili zinaweza kuja kwa namna 6, K-K nyingine kwa namna 1, Q-Q kwa namna 6, AK kwa namna 8. Mtu anayeongeza na hizo zote ana namna 21. Wewe uko mbele ya 14, sawa na 1, nyuma ya 6. Weka tapi.

Lakini wewe umesema huyu haongezi na Q-Q. Kama AK nayo anaifuata tu, zimebaki namna 7, na 6 kati yake ni asi. Kwa huyo mmoja, ndiyo, K-K inatupwa. Ila uwe na uhakika umemwona akifuata na Q-Q na AK zikafunuliwa mezani, si kwamba umesikia. Kama hujaona, asi na Q-Q zina namna 6 kila moja, na AK yenye 8 inazidi kila moja.

Ukiwa na Q-Q wewe mwenyewe ni rahisi zaidi: asi 6, K-K 6, AK 16, na Q-Q 1. Uko nyuma ya 12, na mbele kidogo tu ya 16. Unalipa 18.000 zaidi na zimebaki 75.000 nyuma, mara 4 tu ya unacholipa. Kutafuta ya tatu hakulipi hapo. Tupa, na ungoje mfuataji aliye kulia kwako alipe 1.000 yake tena.